Mkono wa Kocha Marlys

Mwezi Machi, kwetu huku magharibi ya Minnesota, mtu akikuambia anakwenda kucheza gofu unamwangalia mara mbili. Theluji bado imelala viwanjani, upepo unatoka Dakota na hasira zake zote, na hata mbwa anatolewa nje kwa kubembelezwa. Lakini chuo chetu kidogo cha Elmdal kina timu ya gofu ya wanawake, na timu yenye mashindano mwezi Aprili haiwezi kukaa ikingoja majani yaote. Ukumbi wa michezo wa chuo umeshikwa na watu wa mpira wa kikapu, ambao pale ndio watoto wa kuzaliwa, wengine wote wa kambo. Basi wasichana wa gofu hufanya mazoezi kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri, kile cha harusi, misiba na kahawa ya Jumapili. Chumba hicho kina zulia la kijani lililokanyagwa miaka na miaka mpaka likakakamaa, na mpira wa gofu hupita juu yake vizuri kabisa.

Aliyekwenda kuomba chumba alikuwa kocha wao, Marlys Tveit. Aliyekubali alikuwa Bibi Ardis, mkuu wa jiko la kanisa, mwanamke wa miaka themanini na ushee ambaye hata mchungaji humwomba ruhusa kabla ya kuhamisha kiti.

"Mkivunja kikombe kimoja mtanunua dazeni," alisema Bibi Ardis. "Na kama kuna msiba, maiti kwanza, michezo baadaye."

"Sawa, Bibi Ardis."

"Na hao wasichana wako lazima wale chakula. Wamekonda mno."

Ndivyo ilivyokuwa kila majira ya baridi. Wasichana wanalaza bilauri za plastiki kwenye zulia, wanasukuma mipira kuelekea midomo ya bilauri, na Marlys anapita katikati yao na mikono yake nyuma, akisahihisha bega hapa na goti pale. Mpira ukisimama karibu na bilauri, umebakiza kama urefu wa mkono kuingia, Marlys alikuwa na neno lake moja. "Okota," alisema. "Huo umeshaingia, okota." Msichana anainama, anaokota mpira wake, anaanza mwingine. Hata kiangazi, wakiwa uwanjani kwenye majani halisi, mambo yalikuwa yale yale.

Wasichana walimpenda kwa hilo. Wenzao wa vyuo vingine walikuwa wakisimulia makocha wanaowazuia kwenda kula mpaka waingize mipira mifupi mia moja mfululizo. Wao walikuwa na Marlys, moyo laini, okota twende. Moyo wake ulikuwa laini kweli, sibishi. Ila sababu haikuwa hiyo.

Ukweli ni kwamba katika miaka yake yote pale chuoni hakuna aliyewahi kumwona Marlys akipiga mpira mfupi. Mirefu aliipiga. Tena aliipiga kwa namna ambayo watu wa mji walisimamisha magari kando ya barabara ya uwanjani wamtazame tu, huyo mwanamke mnene kidogo wa miaka hamsini na mbili akizungusha fimbo kama anafungua mlango wa nyumbani kwake. Lakini akifika kwenye grini, pale majani yaliponyolewa hadi udongoni na shimo linakungoja, alitia mpira wake mfukoni na kuanza kuzungumzia hali ya hewa. Kwetu hali ya hewa haiishi mazungumzo, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka.

Marlys alicheza gofu ya kulipwa miaka tisa. Binti wa muuza mbegu kutoka mji wetu huu wenye taa moja ya barabarani, alizunguka nchi nzima na gari lake kuukuu, akashinda mara moja kule Ohio, na picha yake ya siku hiyo mpaka leo imetundikwa mkahawani, juu ya mashine ya kahawa, imeanza kupauka. Halafu alasiri moja huko Michigan akawa na mpira uliobakiza urefu wa mkono kuingia shimoni. Mtoto angeuingiza. Marlys akaupiga, na mkono wake wa kulia ukaruka wenyewe, ukashtuka kama umeumwa na nyuki, na mpira ukapita shimo ukaenda mbali kuliko ulikotoka. Alicheka. Kesho yake mkono ukaruka tena, na hakucheka.

Ugonjwa huo wacheza gofu wote wanaujua, na wana jina lake, ila hawalitaji. Wanaamini unaambukiza. Ukilitaja limekuingia, ukimwangalia mwenye nao sana umeubeba wewe. Wasichana wa Elmdal waliuita kidudu, tena kwa kunong'ona, kisha wanagusa mbao. Kwa hiyo kule kwenye gofu ya kulipwa hakuna aliyemtukana Marlys wala kumcheka. Walimsalimu kwa uchangamfu kwenye chumba cha kulia, halafu wakakaa meza nyingine. Zamu yake ikifika pale shimoni, kila mmoja alipata ghafla shughuli na kamba za viatu vyake. Adabu hiyo ndiyo iliyommaliza. Aliivumilia mwaka na nusu, kisha akapakia fimbo zake garini akarudi kwao, na hakuna aliyempigia simu kuuliza amekwenda wapi.

Chuo kilimpa kazi ya ukocha mshahara wa huruma, naye akaipenda kupita kiasi. Aliwapenda wasichana wale na magoti yao yenye baridi, na vicheko vyao vya bure. Na aliyempenda kuliko wote, ingawa kocha hatakiwi kukiri jambo kama hilo, ni Corinne Ochsner.

Corinne alikuwa mwaka wa nne, mtoto wa wakulima wa soya, msichana mrefu wa maneno machache aliyejifunza gofu kwa kupiga mipira kwenye shamba lililovunwa na kwenda kuitafuta mwenyewe. Elmdal haikuwahi kuwa na mchezaji kama yeye. Mpango ulikuwa umalizike msimu, ahitimu, na vuli aende kujaribu gofu ya kulipwa. Mji mzima ulijua mpango huo. Mkahawani walishaanza kubishana picha yake itawekwa upande gani wa mashine ya kahawa.

Mwanzoni mwa Aprili timu ilikwenda Missouri, kwenye joto, kwa mashindano ya kwanza. Katika gofu ya vyuo kocha anaruhusiwa kutembea na mchezaji wake na kumshauri katikati ya mchezo, basi Marlys alikuwa hatua mbili tu kutoka kwa Corinne walipofika shimo la tisa. Mpira mfupi. Corinne akaupanga, akavuta pumzi, akapiga, na Marlys akaona mkono wa kulia ukiruka.

Aliujua mruko ule kama anavyoujua mwandiko wake. Akageuza uso haraka, akatazama pembeni.

Mpaka jioni Corinne alikuwa amekosa mipira ambayo hata Bibi Ardis angeiingiza na ufagio. Kesho yake hivyo hivyo. Wenzake waliona. Maren, nahodha, msichana mwenye mdomo usiolala, akawa bubu. Tove, wa mwaka wa kwanza, ambaye mpaka wiki iliyopita alikuwa anamfuata Corinne kila aendako, akaomba akae kiti cha mbele wakati wa kurudi nyumbani. Safari nzima ya kurudi Minnesota Corinne alikaa peke yake kiti cha nyuma na hakuna aliyemwambia neno baya. Wala neno zuri.

Jumatatu akaja ofisini kwa Marlys. Hakukaa.

"Kocha, mpe Tove nafasi yangu kwenye mashindano ya ligi."

"Tove? Tove bado anapotea njia akienda chooni."

"Nasema kweli. Mimi nimemaliza. Siyo ligi tu, gofu yote. Baba ana mbegu za kupanda, kazi nyumbani haikosekani."

"Na vuli je?"

"Vuli gani? Na mkono huu?" Akauinua, akautazama, akaushusha.

Marlys alitafuta maneno, akapata yale yanayopatikana kirahisi. "Umechoka, binti yangu. Mitihani, safari, baridi. Pumzika wiki, usiguse fimbo, utaona. Haya mambo huja na..."

"Unaona?" Corinne alisema. "Unaongea na dirisha."

Kweli alikuwa anaongea na dirisha. Nje kulikuwa na ukuta wa maktaba tu.

"Hata Missouri," Corinne aliendelea, na sauti yake ikaanza kupasuka. "Lile shimo la tisa. Nilipokosa nikainua kichwa nikutafute. Ulikuwa karibu yangu hivi, na ulikuwa unaangalia miti. Kocha, pale hapakuwa na miti. Ni uwanja mtupu."

"Corinne..."

"Ningevunjika mguu mngenibeba. Mngegombania nani anibebe. Sasa nina hiki, mnanikimbia, na wewe wa kwanza." Akafuta pua kwa mkono wa sweta. "Usinielewe vibaya. Sina hasira na mtu. Nataka tu kwenda nyumbani."

Akatoka, akafunga mlango polepole. Watoto wa kwetu hata wakiwa na moto moyoni hawabamizi mlango.

Marlys alibaki mezani kwake. Kwa miaka na miaka alikuwa amewabeba moyoni wanawake wale wa gofu ya kulipwa, wale wa kamba za viatu, akiwahukumu kila mmoja kwa jina. Na leo ameona uso wake mwenyewe kati yao. Tena yeye mbaya zaidi, kwa sababu wao hawakujua kinavyouma. Aliona aibu, aibu ile ya kumfanya mtu mzima ajifunike uso akiwa peke yake chumbani. Kisha akaona na la pili. Wasichana hawa hakuwafundisha kamwe kumaliza mpira mfupi. Aliwaambia okota, okota, ili yeye asilazimike kutazama, na Corinne akaingia kwenye vita bila kufundishwa pigo lile la mwisho.

Kitu kimoja alikuwa na hakika nacho: akimwacha msichana yule aondoke hivyo, ataondoka kama alivyoondoka yeye, na atakaa miaka ishirini na zaidi akitia mpira mfukoni.

Jumatano saa sita mchana alikwenda nyumbani, akaingia gereji, akasogeza mashine ya kuondolea theluji na makopo ya rangi, akachomoa fimbo yake ya mipira mifupi, ile aliyoshinda nayo Ohio. Ngozi ya mpini ilikuwa imekauka. Akaishika, na mkono ukamkumbuka papo hapo, ukaanza kutetemeka kabla hata hajaona mpira. "Haya, mwenzangu," aliuambia mkono, "twende tukaaibike."

Kanisani kulikuwa na msiba. Mzee Lindahl, aliyekuwa fundi wa matrekta, alikuwa anaagwa, na chini kwenye zulia la kijani meza zilishapangwa: mikate ya siagi na nyama ya nguruwe, viazi vilivyookwa kwa jibini, keki za vipande, na kahawa nyepesi ya Kilutheri ambayo unaweza kuona kitako cha kikombe ukiwa umesimama. Ibada ilikuwa bado inaendelea juu. Bibi Ardis alikuwa amewaachia wasichana kona moja, kwa masharti ya kutotoa sauti.

Marlys akaingia na fimbo mkononi. Maren ndiye aliyeiona kwanza, akamgonga Tove kwa kiwiko. Corinne alikuwa amekuja kurudisha begi la timu tu, amesimama mlangoni na koti lake.

"Corinne, ngoja kidogo," Marlys alisema. "Wote, njooni hapa. Leo napiga mimi."

"Wewe, Kocha?" Maren aliuliza.

"Mimi. Na nawaomba kitu kimoja. Mniangalie. Mtu asiangalie chini, asiangalie ukuta, asijifanye anafunga kiatu. Mniangalie mpaka mpira usimame."

Akaweka mpira chini, umbali wa mkono mmoja kutoka kwenye bilauri. Akapinda mgongo. Akapiga. Mkono ukaruka kama ulivyoruka siku ile, haukuwa umesahau hata kidogo, na mpira ukafyatuka, ukapita bilauri, ukakatiza zulia zima, ukaingia chini ya meza ya keki.

Bibi Ardis akatokeza kichwa jikoni.

"Marlys mwanangu, mpira wako uko chini ya chakula cha marehemu."

"Nimeona, Bibi Ardis. Samahani."

"Usiniombe samahani mimi, mwombe Lindahl."

Tove alikuwa amegeuka, anatazama picha ya mchungaji wa zamani ukutani, masikio yamemwiva.

"Tove," Marlys alimwita kwa upole, "niangalie, mama. Hakirukii mtu. Kingekuwa kinaruka, mngeshakipata wote. Nimekula nanyi, nimelala nanyi hoteli moja, nimewakoholea kwenye gari. Ninacho tangu nyinyi hamjazaliwa."

Kisha akalitaja. Akalitaja lile neno, lile jina lenyewe, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anavyotaja mafua. Maren alinyoosha mkono kugusa mbao ya kiti, akajizuia.

Marlys akapanga mpira wa pili, akakosa. Wa tatu, akakosa. Machozi yalikuwa yanamtoka sasa, nayo hakuyafuta, akaendelea kupiga. Katikati ya mapigo akawaambia yote, Michigan, meza za chumba cha kulia, viatu, na lile neno lake la okota. "Mlidhani nawahurumia," alisema. "Nilikuwa najihurumia mwenyewe. Nimewanyima sehemu ya mchezo, na nimemnyima Corinne zaidi. Corinne, nilikuacha peke yako pale Missouri. Nilijua kabisa uko wapi, nimeshaishi hapo, na bado nikakuacha. Nisamehe."

Mpira mmoja ukaingia, hata hakuna aliyejua umeingiaje. Bilauri ikalia ko! Mama mmoja wa jikoni akapiga makofi, akakumbuka kuna ibada juu, akaficha mikono kwenye aproni.

Corinne alikuwa bado mlangoni. Akaweka begi chini. Akavua koti, akalikunja kwa taratibu, akalilaza juu ya kiti, kisha akaja akachukua fimbo ya Marlys kutoka mikononi mwa Marlys. Akapanga mpira, akapiga, mkono ukaruka, mpira ukaenda kugonga mguu wa meza.

Na wote walikuwa wanamwangalia. Maren alikuwa amejiuma mdomo na macho kayakodoa kwa nguvu hata mtu angedhani anashikilia ukuta usianguke.

"Jamani, Maren," Corinne alisema, "unaweza kupepesa."

Maren akaangua kicheko, akaziba mdomo, Tove naye, kisha Corinne mwenyewe, kicheko na kilio vikaingiana. Watu wa msiba waliposhuka ngazi na nyuso zao za huzuni waliwakuta wasichana wameshikana mabega kwenye kona, wanatikisika. Mjane wa Lindahl akadhani wanamlilia mumewe, akawakumbatia mmoja mmoja, na hakuna aliyethubutu kumwambia vinginevyo. Wakala viazi naye.

Kabla ya kuondoka Corinne alimwambia Marlys, "Nitakuja kwenye ligi. Kwa ajili yenu. Lakini baada ya hapo basi, Kocha. Narudi shambani. Usinibembeleze."

"Sikubembelezi," Marlys alisema, na ilimgharimu kusema hivyo.

Mashindano ya ligi yalichezwa mwisho wa Aprili upande wa Dakota Kusini, kwenye upepo wa kung'oa kofia. Wanacheza watano, matokeo ya wanne bora ndiyo yanahesabiwa. Corinne alikosa mifupi na akaingiza mifupi, siku ya kwanza, siku ya pili, na kila mara Marlys alikuwepo, macho kwake. Alichokigundua ni kwamba kutazama ni kazi nzito kuliko kupiga. Alikuwa akifika jioni shingo imekakamaa na kifua kinauma.

Siku ya mwisho Elmdal walikuwa juu, jambo ambalo hakuna aliyelitarajia, hata wao. Wasichana wengine walikuwa wameshamaliza, wamekaa kwenye mteremko juu ya grini ya mwisho, wamejifunika blanketi moja. Hesabu ilikuwa imeshajulikana na kila mtu. Corinne akiingiza mpira wake wa mwisho, kikombe ni chao. Akikosa, ni wa pili. Na mpira wenyewe ulikuwa umesimama umbali ule ule, urefu wa mkono.

"Kocha," Corinne aliita bila kugeuka. "Uko hapo?"

"Nipo."

"Umeshaanza. Mkono."

"Hata wangu. Ona." Marlys akanyoosha mkono wa kulia, na kweli ulikuwa unatetemeka, vidole vinacheza vyenyewe.

Corinne akautazama, akatabasamu kidogo. "Wewe hata hupigi."

"Uambie wenyewe, labda utakusikia."

"Sasa nifanyeje?"

Marlys alikuwa na maneno mengi ya ukocha, kuhusu pumzi, mabega, mwinuko wa majani. Hakuyatumia. "Piga, binti yangu. Ukiingia au usipoingia, siendi popote. Na wale kule juu hawaendi popote."

Corinne akasimama juu ya mpira. Upepo ukatulia kidogo. Akapiga, na mkono ukashtuka, mshtuko mdogo, robo ya ule wa Missouri, lakini ulitosha. Mpira ukagusa ukingo wa shimo, ukauzunguka, ukatoka, ukasimama pembeni.

Watu wa chuo kingine walianza kushangilia, kisha wakajizuia kwa adabu, wakainamisha vichwa, wakaanza shughuli za kukusanya vitu vyao. Makocha wengine wakatazama upande wa maegesho ya magari. Marlys hakuondoa macho. Alimwona msichana wake akifumba macho na kuyafumbua, akaona kidevu kikimtetemeka, na aliumia kwa ajili yake kuliko alivyowahi kuumia kwa ajili yake mwenyewe, na hakuondoa macho. Corinne akainua uso kuelekea mteremkoni. Maren alikuwa amesimama, blanketi limemdondoka, anamtazama usoni. Tove analia waziwazi, na anamtazama. Wote walikuwa wanamtazama.

Corinne akarudi kwenye mpira, akausukuma taratibu, ukaingia. Akautoa shimoni. Kisha akatembea mpaka alipo Marlys, na Marlys akamkumbatia na kofia yake na jasho lake.

"Nimewakosesha kikombe," alisema begani kwa Marlys.

"Umewakosesha," Marlys alikubali. Hakutaka kumdanganya.

Maren alikuwa ameshateremka mbio. "Kikombe chenyewe tungekiweka wapi?" alisema huku akihema. "Chuo kingewapa watu wa kikapu wanywee maji." Akamrukia Corinne shingoni, Tove akafuata, na wale wengine, wakawa fungu moja la makoti na nywele katikati ya grini mpaka mwamuzi akaja kuwaomba wapishe.

Wasichana walitangulia kwenda garini. Corinne akabaki akifuta fimbo yake kwa taulo, anaifuta na kuifuta, ingawa ilikuwa safi. Marlys akasimama karibu naye. Alikuwa ameahidi kutobembeleza, na ahadi hiyo ilikuwa imemlemea siku zote hizi. Alijua kwamba gari likifika Elmdal msichana huyu atashusha begi lake, ataaga, na pengine hatamwona tena na fimbo mkononi maisha yake yote.

"Kocha."

"Naam."

"Kesho mazoezi saa ngapi?"

Marlys alimtazama. "Kesho hakuna mazoezi, mama. Msimu umekwisha."

"Najua umekwisha," Corinne alisema, bado anafuta fimbo. "Nimekuuliza saa ngapi."

Marlys akalichukua begi la Corinne, akalitundika begani.

"Saa kumi," alisema. "Nitakuwa hapo mapema kidogo, na mimi nina mifupi yangu ya kupiga."